Daftari la mkutubi si gazeti

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni mjini Ifakara juma lililopita.)

Ndugu msikilizaji, mwaka 2003 nilikuwa kijana mwenye stashahada mpya ya uandishi wa habari na kinasa sauti cha kuazima. Katika mji mmoja, ambao sitautaja, ulizuka uvumi kwamba diwani fulani alikuwa na UKIMWI. Siku zile dawa za kupunguza makali zilikuwa bado hazijaanza kutolewa bure katika hospitali zetu; mpango wa taifa wa kuzitoa ulianza mwaka uliofuata. Mtu kusemwa kwamba ana ugonjwa ule ilikuwa sawa na kuchimbiwa kaburi angali anatembea. Mimi nikapata wazo ambalo niliona ni la werevu mno. Diwani yule alijulikana kuwa mpenzi wa kusoma. Kama ameazima maktaba vitabu vinavyohusu UKIMWI, nilijiambia, basi habari imepatikana.

Nikaenda maktaba. Mkutubi alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani aliyoining'iniza shingoni kwa kamba. Nikamwamkia, nikajitambulisha, nikamwomba anionyeshe daftari la waazimaji. Akaniuliza nalitakia nini. Nikamweleza, tena bila haya. Mama yule akalifunga daftari lake taratibu, akalitia katika mtoto wa meza, akageuza ufunguo, kisha akaniambia: "Mwanangu, daftari hili si gazeti. Ukitaka kuazima kitabu nitakuandika na wewe humu humu, na wewe nitakusitiri vivyo hivyo."

Niliondoka nimenuna. Nilimwona ni mtumishi wa urasimu, mtu wa kuzuia habari. Diwani yule alimaliza kipindi chake cha uongozi. Kama alikuwa mgonjwa au hakuwa, mpaka leo sijui, na siku hizi sioni ni kwa nini ningepaswa kujua.

Nimemkumbuka mama yule kwa sababu ya mjadala ambao umekuwa ukiendelea miongoni mwa wakutubi wa nchi za mbali, na ambao naona haujapewa nafasi ya kutosha kwetu. Mjadala wenyewe ni huu: je, tunu za msingi za taaluma ya ukutubi zinaweza kubadilishwa? Na zikibadilishwa, ipi iondoke na ipi ibaki?

Chama cha Wakutubi cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1876, kilipitisha mwaka 2004 orodha ya tunu 11. Zilikuwamo kumwezesha kila mtu kufikia maarifa, kutunza siri za wasomaji, demokrasia, hifadhi ya maandishi, uhuru wa fikra, utumishi, weledi wa kazi, na nyinginezo. Mwaka 2019 wakaongeza ya 12, uendelevu. Kisha Januari 2024 baraza la chama hicho likaifumua orodha yote na kuisuka upya. Sasa zimebaki tano: kufikia maarifa, haki sawa, uhuru wa fikra pamoja na faragha, manufaa ya umma, na uendelevu. Demokrasia haisimami tena peke yake. Hifadhi haisimami peke yake. Weledi, vivyo hivyo. Siri ya msomaji imefungwa kamba moja na uhuru wa fikra.

Waliotaka mabadiliko walisema kwamba orodha ndefu haikumbukwi na mtu, na kwamba mengi ya yale yaliyoondolewa yamo ndani ya hayo matano. Waliopinga waliuliza: mkutubi asiyeiweka hifadhi miongoni mwa tunu zake ana tofauti gani na muuza vitabu?

Najua wapo watakaosema, "Bwana mtangazaji, hayo ni ya Wamarekani. Sisi vitabu vyenyewe hatuna." Nitalirudia jambo hilo, maana ndilo zito kuliko yote. Kwanza tukubaliane kwamba ya wenzetu hutufikia, tutake tusitake. Ingia katika maktaba ya umma mahali popote nchini, tazama mgongo wa kitabu, utaona tarakimu. Tarakimu zile zimetokana na mpango wa Mmarekani Melvil Dewey, mmoja wa waanzilishi wa chama hicho hicho. Jina lake lilikuwa kwenye nishani kubwa ya chama mpaka mwaka 2019, lilipoondolewa kwa sababu ya ubaguzi wake wa rangi na jinsi alivyowasumbua wanawake. Nishani ikabadilishwa jina. Tarakimu zikabaki, maana zinafanya kazi. Kwa hiyo taaluma hii hujisahihisha, na si kosa kujisahihisha.

Hapa Afrika Mashariki tumeshuhudia mabadiliko makubwa kuliko hayo. Jijini Nairobi iko maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, jengo la nguzo za mawe na sanamu za simba mlangoni. Kwa zaidi ya robo karne Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma humo; mlango haukufunguliwa kwa watu wa rangi zote mpaka mwaka 1958. Nina hakika wakutubi wa siku zile walijiona ni watu wa maadili, watulivu, wenye kutunza vitabu vyema. Orodha ya tunu zao haikuwa na haki sawa, basi.

Sisi huku Tanganyika tuliwahi kuwa na tunu yetu moja tuliyoitamka kwa sauti kubwa. Sheria ya kwanza ya huduma za maktaba ilitungwa mwaka 1963. Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Mwaka 1975 ikaja sheria mpya iliyounda Bodi ya Huduma za Maktaba tuliyo nayo hadi sasa. Katika miaka hiyo ya sabini maktaba ilikuwa silaha ya vita dhidi ya adui ujinga. Watu wazima walifundishwa kusoma chini ya miembe, na maktaba za vijijini zilianzishwa ili aliyejua kusoma jana asisahau kesho. Mkutubi hakuulizwa kuhusu uhuru wa fikra. Aliulizwa: umemfikia mkulima?

Siidharau tunu ile. Wazazi wangu ni matunda yake. Lakini ilikuwa na upande wake wa pili, kwamba aliyeamua mkulima asome nini hakuwa mkulima.

Sasa nilirudie lile la "vitabu hatuna".

Ndugu msikilizaji, mahali ambapo vitabu ni vingi, tunu za mkutubi zinaweza kukaa kwenye karatasi. Mahali ambapo kitabu ni kimoja na wanaokitaka ni arobaini, tunu hizo hufanya kazi kila asubuhi. Nani apewe kwanza? Mwenye kadi ya uanachama aliyelipa ada, au mtoto aliyetembea kwa miguu toka kando ya mto? Tamko la UNESCO kuhusu maktaba za umma, la mwaka 1994 na lililorekebishwa mwaka 2022, linasisitiza kwamba huduma ya maktaba ya umma kimsingi iwe bure. Kwetu kadi ina ada. Kwa mfanyakazi wa ofisini ada ile ni kidogo. Kwa mtoto wa kibarua wa shamba la mpunga, mwezi Februari wakati ghala liko tupu na mchele unapimwa kwa kikombe, ada ile ni mlango uliofungwa. Najua bodi nayo ina bili za umeme. Lakini hebu tuliseme kwa jina lake: hapo tunu ya kufikia maarifa imeshindwa na tunu ya kulipa umeme, na hakuna aliyeketi kulijadili.

Au chukua hili, ambalo walimu wananisikiliza sasa hivi na wanalijua. Shule inapata katoni za vitabu. Mwalimu mkuu anavipokea kwa furaha, anasaini, anaviingiza stoo, anafunga. Ukimwuliza kwa nini wanafunzi hawavitumii, atakwambia vitachanika, vitaibiwa, na mkaguzi akija akikuta idadi imepungua ni yeye atakayejibu. Nimewahi kuingia katika stoo ya namna hiyo. Vitabu vilikuwa vinang'aa, vina harufu ya kiwandani, na mtaala uliovihitaji ulikuwa umekwisha kubadilishwa. Mchwa ndio waliokuwa wa kwanza kuvifungua.

Je, mwalimu yule ni mtu mbaya? La hasha. Anafuata tunu moja, hifadhi, mpaka inaila nyingine. Mhindi mmoja mwalimu wa hesabu, S. R. Ranganathan wa Madras, aliliona jambo hili zamani. Mwaka 1931 alitoa sheria tano za ukutubi, na ya kwanza yote ilikuwa juu ya kitabu kutumika badala ya kukaa bure. Aliandika hivyo katika nchi maskini, yenye joto na wadudu kama kwetu, ambako kila mtu alikuwa na sababu nzuri ya kufunga kabati. Mimi nasema kitabu kilichochanika mikononi mwa mtoto kimekufa kifo cha heshima. Mwalimu mkuu asikatwe mshahara kwa ajili yake.

Hata hivyo, msinielewe vibaya nikadhaniwa naungana na wale walioiondoa hifadhi katika orodha. Kwetu hapa bondeni hilo lingekuwa msiba. Mwaka 1935 kilichapwa London kitabu kiitwacho Ubena of the Rivers, cha Bwana na Bibi Culwick, kuhusu Wabena wa bonde hili la Kilombero. Ndani yake imo sura iliyotolewa na Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe. Ni sauti ya mtawala wa hapa akieleza habari za watu wake kabla wengi wetu hatujazaliwa. Nimekitafuta kitabu hicho hapa bondeni kwa miaka kadhaa. Sijakipata. Ukiwa London utakisoma. Ukiwa Ifakara utahadithiwa. Wamarekani wanaweza kuipunguzia hifadhi cheo kwa sababu maghala yao yamejaa. Sisi ambao mafuriko yakija yanaondoka na sanduku la bati la ofisi ya kijiji, pamoja na mihtasari ya mikutano na kesi za mashamba za miaka thelathini, hatuna anasa hiyo. Mkulima anayegombania shamba lake leo anahitaji karatasi ile. Huyo si mtafiti wa historia. Ni mtu anayetafuta mpaka wake.

Lipo na suala la lugha, ambalo sikuliona likipewa uzito katika orodha ya tano wala ya 12. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, watoto wa kijiji cha Idete, hapa hapa Kilombero, walishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994 katika jarida la The Lancet la Uingereza: chanjo ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 31. Dunia nzima ya madaktari ilisoma. Ilikuwa habari kubwa, na jina la Idete likajulikana mahali ambapo hata jina la Morogoro halijulikani. Watoto wale sasa ni watu wazima, wana watoto wao. Taarifa ile ni ya Kiingereza, tena Kiingereza cha wataalamu. Sisemi watafiti walificha. Watafiti walifanya kazi yao na kuitangaza. Ninasema kuna kazi iliyobaki katikati, ya kuichukua taarifa ile, kuiweka katika Kiswahili cha kurasa tatu, na kuiweka rafuni mahali ambapo mama wa Idete anaweza kuingia bila kuogopa. Hiyo ni kazi ya mkutubi. Kufikia maarifa si kufikia mlango wa jengo peke yake.

Sasa nije kwenye lile linalowasha moto, uhuru wa fikra.

Februari 2023 Waziri wetu wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kupiga marufuku vitabu 16 visitumike shuleni, kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume na mila, desturi na maadili ya Mtanzania. Miongoni mwake vilikuwamo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, wa mwandishi Mmarekani Jeff Kinney, ambavyo watoto wa shule za Kiingereza mijini walikuwa wakivigombania. Wazazi wengi walishangilia. Wengine walishangaa. Mimi mwenyewe nina watoto, na sitaki mtu yeyote anichagulie kitabu cha mwanangu bila mimi kujua, awe mwandishi wa Marekani au ofisa wa wizara. Nakiri kwamba hizo ni hoja mbili zinazovutana ndani ya kichwa kimoja.

Huko Marekani mambo si shwari pia. Chama chao kilihesabu, kwa mwaka 2023 peke yake, vitabu 4,240 tofauti ambavyo watu walidai viondolewe maktaba na shuleni. Kwa hiyo anayesema kwamba marufuku ni tabia ya Afrika hajasoma magazeti. Tofauti niliyoiona ni nyingine. Kule mkutubi alisimama, akabishana na mzazi, wakaandikiana, wengine wakapoteza kazi. Hapa kwetu mimi sikusikia mkutubi akizungumza hadharani, wala wa kuunga mkono wala wa kupinga. Pengine kwa sababu ni watumishi wa umma na wanajua mipaka yao. Pengine hakuna aliyewauliza, na hapo lawama inatuangukia sisi wenye vipaza sauti.

Serikali ina haki ya kuchagua vitabu vya shule. Hilo sina ubishi nalo, mtoto wa miaka tisa hajiongozi. Lakini marufuku ya shuleni ina tabia ya kutambaa. Mkutubi wa maktaba ya umma akisikia redioni kwamba kitabu fulani kimepigwa marufuku hasubiri barua, anakitoa rafuni usiku ule ule, na vingine viwili vinavyofanana nacho. Mtu mzima wa miaka hamsini anakuja kesho anaambiwa hakipo. Nani ameamua? Hakuna. Ni hofu imeamua. Ndiyo maana napenda iwepo orodha ya tunu, ndefu au fupi, iliyoandikwa kwa Kiswahili na kubandikwa ukutani, ili mkutubi awe na kitu cha kuegemea pindi simu inapolia.

Na hapa narudi kwa mama wa miwani. Sikumwuliza siku ile alifundishwa wapi. Huenda alipitia chuo chetu cha ukutubi cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1989, au huenda alijifunza kazini. Lakini alijua jambo ambalo mimi na stashahada yangu sikulijua, kwamba katika mji mdogo siri ya msomaji ni suala la uhai. Dar es Salaam unaweza kuazima kitabu na mtu wa pembeni asijue jina lako. Hapa Ifakara, ukiazima kitabu cha uzazi wa mpango saa nne asubuhi, saa sita mama mkwe anajua. Binti atakayejua kwamba jina lake litasomwa hataingia. Atakwenda kuuliza kwa rafiki yake, naye rafiki hajui.

Siku hizi daftari linahamia kwenye kompyuta. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika Mei 2023, na ni jambo jema. Lakini daftari la mama yule lilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo ulikuwa kiunoni mwake. Kompyuta ina funguo ngapi, na ziko viunoni mwa nani? Kwa sababu hiyo mimi ningewaambia wale Wamarekani, kama wangeniuliza, na hawataniuliza, kwamba faragha wangeiacha isimame kwa miguu yake. Tunu iliyofungwa pamoja na nyingine huburutwa inakokwenda mwenzake.

Juma lililopita, nikiandaa mazungumzo haya, nilikwenda kumwona mkutubi mmoja kijana, wa maktaba ambayo kwa ombi lake siitaji. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti. Nikamwuliza anafanya nini mzazi akija kutaka kujua mwanawe anasoma vitabu gani. Akasema inategemea na umri wa mtoto. Nikamwuliza, na askari akija? Akasema atamwomba barua ya mahakama, ingawa hana hakika kama mkubwa wake atamuunga mkono. Nikamwuliza kama utaratibu huo umeandikwa mahali. Akasema hapana, wanatumia busara.

Nikamwuliza la mwisho: na akija mwandishi wa habari? Kijana akacheka, akaliburuta daftari lake karibu naye, akaniuliza ninataka la nani.